Mwalimu alikataa mkongojo, akakubali fimbo ya kamera

Katika nyumba nyingi za Kilwa na Lindi, familia huanza kutafuta picha ya mzee siku anapofariki dunia. Simu za watoto hupekuliwa, masanduku hufunguliwa, na mwisho hupatikana ile ndogo ya kitambulisho, mzee kakodoa macho kama mtu anayehojiwa. Hiyo ndiyo hukuzwa na kutundikwa ukutani. Bibi aliyecheka maisha yake yote hubaki pale akiwa amenuna.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kilwa Masoko hakuipenda hali hiyo. Alipopata kiinua mgongo chake alinunua kamera ndogo ya dijitali, ya kuingia mfukoni, akaanza kuwapiga picha wazee wa mtaani kwake na jamaa zake wa Kilwa Kivinje. Hakuwaita studio. Aliwafuata pale wanapokaa: barazani, chini ya mwembe, jikoni, kwenye kumbi zenye giza za nyumba za zamani. Hakutoza mtu. Alikuwa na daftari lenye majina, kila aliyepigwa akimtia alama ya vema, na picha moja iliyosafishwa ilipelekwa kwa mwenyewe.

Kisha akaacha. Akiulizwa, alijibu kwamba kamera imechoka. Watoto wake wakakubaliana wachange wamnunulie simu yenye kamera kubwa.

Binti yake wa pili, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuja likizo na kuomba kwanza azione hizo picha za mwisho. Zilikuwa kama 40 na karibu zote zimetikisika, nyuso zina kivuli juu ya kivuli. Katikati yake zilikuwamo mbili safi kabisa, kila mkunjo wa ngozi unaonekana. Aliuliza nani kapiga hizo mbili. Mjukuu wa miaka 11, kwa kamera hiyohiyo.

Jioni, wakati wa chai, binti aliona jambo ambalo waliokuwa wakiishi na mzee kila siku walikuwa wameshalizoea. Kikombe chake kilijazwa nusu. Alikishika kwa mikono miwili, na hata hivyo chai ilicheza.

“Baba, mikono imeanza lini?”

“Kamera imezeeka, mama. Na mimi nimezeeka. Tuachane nayo.”

Binti hakubishana. Kesho yake walienda hospitali, kabla ya dukani. Ni utaratibu ambao familia nyingi huugeuza: mzazi akitetemeka hununuliwa kitu, au huambiwa ni uzee tu, na sababu haitafutwi. Mikono hutetemeka kwa sababu nyingi. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta hali hiyo, na sukari kushuka pia. Kahawa nyingi huongeza, na baadhi ya dawa vilevile, ikiwamo salbutamol ambayo wagonjwa wa pumu huivuta. Baadhi ya hizo zinatibika.

Hofu kubwa ya familia ilikuwa ugonjwa wa Parkinson. Daktari alimwambia Mwalimu aweke mikono mapajani na kuilegeza. Ikatulia. Akamwambia ainyooshe mbele, kisha aguse pua kwa kidole. Ikaanza kucheza. Kwenye Parkinson mkono kwa kawaida hutetemeka zaidi ukiwa umepumzika, na ugonjwa huja na dalili nyingine kama mwendo mzito na mwili kukakamaa. Ipo aina nyingine ya mtetemeko, inayoonekana zaidi kwa watu, ambayo mkono hutulia ukipumzika na kutetemeka unapoinuliwa kushika kitu: kikombe, kalamu, kamera. Hii mara nyingi hufuata ukoo.

Hapo Mwalimu akamkumbuka baba yake, ambaye miaka ya mwisho aliacha kutia saini akawa anaweka dole gumba. Watu walidhani marehemu hakujua kusoma. Alijua, na alisoma Kurani na magazeti mpaka macho yalipogoma. Mkono tu ndio uliokataa kalamu.

Dawa zipo. Moja inayotumika sana, propranolol, hupunguza mtetemeko kwa baadhi ya watu, lakini haimfai mwenye pumu kwa kuwa inaweza kubana njia za hewa. Mwalimu ana pumu. Daktari alimweleza kwamba hali yake inaweza kwenda polepole, wataendelea kuiangalia, na kwamba kwa sasa atafute namna ya kuegemeza mkono katika kazi anazozipenda. Kuziacha si tiba.

Kwa mpiga picha, kuegemeza mkono maana yake ni stendi. Watu wengi wanaifahamu ile ya miguu mitatu, tripodi. Mwalimu alikuwa nayo moja ya kuazima, akaikataa baada ya siku moja. Kufungua miguu mitatu kwenye baraza jembamba ni kazi, watoto huikwaa, na bibi akiona chombo kimesimikwa mbele yake huanza kujiweka sawa, na uso wa kitambulisho unarudi. Alichotaka ni kukaa, kuongea, na kupiga akiwa bado anaongea.

Jibu la kwanza halikugharimu karibu chochote. Chini ya kamera nyingi ndogo kuna tundu la skrubu lenye kipenyo cha robo inchi. Mjukuu alitafutiwa skrubu fupi ya saizi hiyo, akaifunga mshipi wa kuvulia wenye urefu wa mtu. Skrubu ikaingia kwenye kamera, ncha ya mshipi ikakanyagwa, na Mwalimu akaivuta kamera juu mpaka mshipi ukakaza. Mvutano huo huzuia mkono kupanda na kushuka. Picha zikawa nafuu, ila mshipi hauubebi uzito wa kamera, na mkono wa Mwalimu ulichoka haraka.

Ndipo wakafikia stendi ya mguu mmoja, monopodi: bomba linalorefuka, lenye skrubu juu na raba chini. Haisimami peke yake. Uzito wa kamera hubebwa na ardhi, na mikono hubaki na kazi ya kuelekeza tu. Mpiga picha huiweka mbele kidogo, miguu yake miwili nyuma, na jumla inakuwa mafiga matatu. Akiwa amekaa kwenye kiti ni vizuri zaidi, viwiko vimebana mbavu.

Kuipata kulihitaji subira. Kariakoo, ukiomba monopodi, unaweza kupewa fimbo ya selfi. “Dada, ndiyo hiyohiyo, na ina Bluetooth,” muuzaji mmoja alimhakikishia binti. Siyo hiyohiyo. Fimbo ya selfi imetengenezwa ishikwe hewani, ni nyembamba, na ukiisimamisha chini hupinda na kutikisika. Binti aliendelea kutafuta, na kwa kuwa alikuwa akimnunulia mtu mwenye mikono ya aina fulani, alijaribu kila kitu kwa kuwazia mikono hiyo.

Alianza na urefu. Mtu anayechungulia kwenye kidirisha cha kamera huhitaji stendi ifike machoni. Kamera ndogo hutazamwa kwenye kioo cha nyuma, kwa hiyo inayofika kidevuni au kifuani inatosha. Akaangalia idadi ya vipande. Kadiri vinavyokuwa vingi ndivyo stendi inavyokunjwa ikawa fupi, na ndivyo kipande cha mwisho kinavyokuwa chembamba na cha kuyumba. Kamera ya Mwalimu ni nyepesi, haihitaji bomba nene, lakini bado alichagua yenye vipande vinne akaacha ya sita, ingawa ya sita ingeingia kwenye mkoba mdogo.

Vikazio ndivyo vilivyomchukulia muda. Vipo vya kuzungusha na vipo vya klipu. Vya kuzungusha ni laini kwa mwonekano, lakini vinahitaji vidole vyenye nguvu, na mchanga wa pwani ukiingia hukwaruza. Klipu hufungwa kwa kiganja, na mtu mwenye macho hafifu huona na kusikia kwamba imefunga. Alichukua ya klipu. Juu yake akataka kichwa kidogo kinachoinama, ili picha ya wima ipigwe bila kulaza fimbo nzima. Chini akataka raba pana. Baadhi huficha msumari ndani ya raba kwa ajili ya udongo. Huo haufai kwenye sakafu ya mtu, sembuse ya magofu.

Mzee alipoipokea aliikunjua, akaisimamisha, akaegemea kidogo. Watoto wakatazamana kwa furaha. Kwa miaka miwili walikuwa wakimsihi atumie mkongojo, kwa sababu goti la kulia lilishaanza kumsaliti, na kila mara alijibu kwamba mkongojo ni wa wagonjwa. Sasa ameshika fimbo bila kuombwa. Wakaona Mungu kawapa viwili kwa bei ya kimoja, na hakuna aliyesema neno ili asije akashtuka.

Wiki mbili baadaye Mwalimu alimchukua mjukuu kwenda Kilwa Kisiwani, kama kilomita mbili kwa boti kutoka Masoko. Alitaka kupiga ndani ya Msikiti Mkuu, kwenye sehemu ya kuba iliyopanuliwa karne ya 14, zama za Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Ndani ya mahali kama hapo mwanga ni mdogo, na kamera hulazimika kuacha mlango wake wazi kwa muda mrefu zaidi, pengine sehemu moja ya 15 ya sekunde. Kwa mkono mtulivu ni vigumu. Kwa mkono wa Mwalimu haiwezekani.

Wakati wa kushuka aliisimamisha monopodi majini, penye mchanga, akaweka uzito wake wote juu yake. Klipu ya chini ikaachia. Fimbo ikafupika ghafla, na mwili ukaifuata. Nahodha alimdaka kwapani.

“Mwalimu, shikamoo yako ipo palepale,” alisema, bado kamshika. “Lakini fimbo hii ni ya picha, si ya mwili.”

Nahodha alikuwa sahihi. Kilo zinazoandikwa kwenye monopodi ni za kamera na lenzi. Stendi ndogo ya kamera nyepesi haikutengenezwa kubeba mtu anayepepesuka. Kwa mzee, anguko moja linaweza kuvunja nyonga, na nyonga iliyovunjika humlaza mtu miezi. Ukimya wa watoto, uliokusudiwa kumlindia heshima, ulikuwa umemweka kwenye hatari ambayo hakuijua.

Safari hii walizungumza naye wazi. Aliyemaliza ubishi ni kaka yake mkubwa wa Kivinje, aliyekuja akiwa na kanzu, kofia na bakora yake. Hakutumia neno mkongojo hata mara moja. Alimuuliza tu mdogo wake tangu lini mtu mzima wa pwani akaenda msikitini mikono mitupu.

Bakora ilichongwa palepale Kilwa, na daktari alieleza namna ya kuipima: mzee avae viatu anavyotembelea, asimame wima, mikono ining’inie, na kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu huinua bega, ikiwa fupi huinamisha mgongo. Ishikwe kwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Chini ivalishwe raba, na raba ikilainika kama kisigino cha ndala ibadilishwe.

Sasa Mwalimu hutoka na fimbo mbili. Bakora iko mkononi, monopodi iko kwenye mkoba anaoubeba mjukuu. Walirudi Kisiwani na picha ya kuba ikapatikana. Aliweka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili, kwa sababu kubonyeza tu nako hutikisa. Kwenye boti yenye injini haisimamishi monopodi sakafuni, maana mtetemo wa mashine hupanda hadi kwenye kamera. Huiinua na kuibana kifuani. Akirudi nyumbani, mjukuu huisuuza kwa maji baridi ili chumvi isile klipu, kisha huianika ikiwa imekunjuliwa.

Si kila picha inatoka. Siku ambazo pumu imembana na amevuta dawa, mikono huwa mibaya zaidi, na siku hizo huweka kamera chini na kuandika tu majina na habari za mhusika. Siku nyingine kamera hushikwa na mjukuu, naye hukaa pembeni ya mzee anayepigwa, akimchekesha.

Kwenye daftari yamebaki majina 11 yasiyo na alama ya vema. La kwanza ni la kaka yake wa Kivinje, ambaye ameshasema hapigwi picha mpaka kanzu yake mpya ishonwe.