Siti Kwanza, Shokapu Baadaye

Kimo changu ni sentimita 152. Wiki ijayo naanza mazoezi ya kufundisha kwenye shule iliyo kilomita 14 kutoka nilipopanga chumba, njia ya vumbi na mawe. Daladala hakuna. Kaka kaniachia pikipiki yake, ile ndefu ya njia mbovu. Nikiikalia, ni vidole tu vinavyogusa chini. Kwenda naweza, kusimama ndiyo kazi.

Fundi akasema, "Dada, hii tunafunga shokapu fupi nyuma, mchezo umeisha." Nikamuuliza, na mbele? Ukishusha nyuma tu, pikipiki inakaa kama mbwa aliyechuchumaa, pua juu, na kona inaikata kwa uvivu. Mbele nako kushuke. Stendi ya pembeni nayo ikatwe, maana itakuwa ndefu, pikipiki isimame wima, upepo kidogo tu chali. Halafu injini inakaribia mawe. Kwa njia ile? Hapana.

Tukaanza na siti. Akapunguza sponji sentimita tatu na kuichonga pembeni, kwa sababu siti pana inatanua mapaja na kula urefu wa miguu (hili wengi hawalijui). Sasa nusu ya nyayo zote mbili inagusa. Makalio yanalalamika, sikatai.

Mwenzangu mmoja ananiambia eti ningeomba shule ya mjini tu. Mimi jioni niko uwanjani, nafanya mazoezi ya kusimama: mguu wa kushoto chini, wa kulia kwenye breki.