Tangi la Samaki la Madrasa: Taa, Hewa Ukaa na Chupa ya Hamira



Wanafunzi wapenzi pamoja na wazazi wetu, kila mwaka jarida hili linapoandaliwa, mwalimu mmoja huombwa aandike jambo alilojifunza nje ya somo lake. Safari hii zamu imetuangukia sisi, na bila shaka wengi mlitarajia tuandike juu ya mirathi. La, tutaandika juu ya tangi la samaki lililoko ukumbini, kwani kila mzazi anayekuja kulipa ada husimama mbele yake na kutuuliza mimea ile imestawi vipi ndani ya maji. Jibu lake ni refu kidogo, na sehemu yake moja si ya kujivunia.

Tangi lile tulipewa na mzazi mmoja aliyekuwa akihama. Urefu wake ni sentimita 60, upana 30 na kimo 35, kwa hiyo huchukua maji yapatayo lita 60. Tuliosha mchanga wa mtoni, tukapanda majani marefu mfano wa utepe yaitwayo valisneria, ambayo huota yenyewe hata katika Ziwa Tanganyika, kisha tukatia samaki wadogo 12 wa aina ya gapi. Tukaliweka dirishani tukidhani kwamba jua likizidi ndiyo kheri. Baada ya wiki tatu maji yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa mchicha, na samaki hawaonekani.

Tukalihamishia ukuta wa ndani na kununua taa ya LED. Hapo tukafanya kosa la pili: tuliiwasha baada ya sala ya Alfajiri na kuizima baada ya Isha. Majani yakavaa utelezi wa kijani, nasi tulipoona hayakui tukaongeza taa ya pili. (Msidanganywe na hesabu ya wati. Kanuni za zamani zilikuwa za taa za tyubu, na LED hutoa mwanga mwingi zaidi kwa wati zilezile.)

Kijana mmoja aliyepata kusoma hapa, ambaye sasa anasomesha sayansi, alipotutembelea alicheka kisha akatueleza. Mmea hula mwanga pamoja na hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi. Mti wa nje huipata hewa hiyo bila tabu kwa kuwa upepo huileta. Ndani ya maji hewa hiyo husambaa polepole mno, kiasi cha mara 10,000 kuliko hewani, na maji yaliyotulia huwa nayo chini ya miligramu 1 kwa lita. Sasa taa ndiyo inayoutia mmea njaa. Ukiongeza taa umeongeza njaa, na kama hewa ukaa haipo, mmea husimama tu, na mwanga uliobaki hufaidiwa na ule utelezi, ambao huridhika na kidogo. Hivyo basi, ama upunguze taa, ama ulete hewa. Sisi, kwa kupenda makubwa, tulichagua kuleta hewa.

Njia aliyotuonyesha ni rahisi, nayo hutumiwa na wafugaji wengi wa samaki wa mapambo. Unachukua chupa ya plastiki ya lita 2, ile ya soda, kwa kuwa inastahimili msukumo wa gesi. Unatia vikombe viwili vya sukari, maji ya uvuguvugu yasiyojaa chupa, na robo kijiko cha hamira. Kifuniko kinatobolewa na kupitishwa mpira mwembamba hadi ndani ya tangi. Hamira hula sukari na kutoa hewa ukaa, sawa na inavyoumua maandazi.

Wallahi ilikuwa ajabu kuitazama. Siku ya tatu, mchana, kila jani lilikuwa limejaa shanga ndogo za hewa zinazopanda juu moja moja. Hizo zilikuwa oksijeni. Tabibu wa Kiholanzi Jan Ingenhousz aliyaona mapovu kama hayo mwaka 1779 alipokuwa Uingereza, akabaini kwamba jani lililozamishwa majini huyatoa kwenye mwanga na huacha gizani. Darasa la tatu walilijaribu wenyewe kwa kufunika nusu ya tangi kwa kanga, na upande uliofunikwa mapovu yakakoma. Tulifurahi, na tukijua wageni wa Maulid wangefika juma lile, tulifurahi zaidi.

Siku ya nne, mwanafunzi mmoja wa kike wa miaka kumi na moja aliinama karibu na chupa, akaziba pua.

"Ustadh, mbona hii chupa inanuka tembo?"

Wenzake wakacheka, sisi hatukucheka. Kwa hakika tulilijua jibu. Hamira inapokula sukari mahali pasipo na hewa hutoa vitu viwili: ile gesi, na pombe. Chupa ile ilikuwa inatengeneza kileo, ndani ya madrasa, hatua chache kutoka kwenye rafu ya misahafu. Lakini tulimtazama yule mtoto, tukatazama majani yenye shanga, tukasema, "Tutaliangalia kesho, inshallah."

Kesho yake, tulipofungua ukumbi baada ya Alfajiri, samaki saba walikuwa wamekufa. Watano waliosalia walikuwa juu kabisa wakipapasa uso wa maji. Chupa ya hamira haina swichi. Usiku taa huzimwa na mimea haiihitaji tena hewa ukaa, bali yenyewe huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa kama sisi, na chupa nayo inaendelea kutoa ya kwake. Ikizidi ndani ya maji, samaki hushindwa kuitoa iliyomo katika damu yake, akafa kwa kukosa pumzi akiwa majini.

Juma lilelile tulikuwa tumewasomesha hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka. Kijana mmoja alinyoosha mkono akauliza kama samaki nao wamo. Tukamwambia wamo. Kisha tukaimwaga chupa nje mbele yao, tukawaambia kwamba yale aliyoyasema mwenzao jana yalikuwa kweli, na kwamba tulijua tangu jana. Kusema hilo la pili kulitutoa jasho.

Mudir hakutugombeza. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Hakuna njia nyingine?"

Njia ipo, na tulikuwa tumeelezwa siku ileile. Chupa ni mbili, moja ya unga wa asidi ya sitriki uliokorogwa na maji, nyingine ya bikaboneti ya soda, ile ya kupikia. Asidi inadondoka polepole kwenye bikaboneti, gesi inatoka, na pombe haipo. Kwenye mpira kuna koki ndogo. Hufunguliwa saa moja kabla ya taa kuwaka, na hufungwa saa moja kabla haijazimwa. Usiku huwashwa pampu ya hewa. Taa moja tuliiondoa, na iliyobaki huwaka saa 7 tu, kwa swichi ya saa. Ndani ya tangi pananing'inia kichupa chenye dawa ya kupimia: ikiwa ya bluu gesi ni chache, ya kijani inatosha, yaani karibu na miligramu 30 kwa lita, na ya manjano tunafunga koki haraka. Kama hamna vifaa hivi nyumbani, taa ndogo na mimea michache inatosha, na gesi hamtaihitaji kabisa.

Wale gapi watano sasa wamezaliana na kufikia 20 na zaidi. Yule binti aliyenusa chupa ndiye mwenye funguo ya ukumbi siku za Alhamisi, na daftari la rangi ya kichupa analiandika yeye. Zamu za likizo ya Ramadhani bado hazijajazwa, na umeme ukikatika usiku pampu husimama, kwa hiyo tunahitaji nyumba mbili zilizo jirani na madrasa. Anayeweza aandike jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya tangi.