Uso Huu ni wa Nani?

Hapa Mwanza, ukitaka kuzua ubishi baada ya ibada, taja mkorogo. Vijana watacheka, kina mama watainama kukaza vitenge vyao, na wazee wa kanisa watakufungulia Yeremia 13, pale nabii anapomtaja Mkushi na ngozi yake. Kwisha habari.

Kwa mkorogo mimi niko upande wa wazee, ila kwa sababu nyingine. Huku Usukumani tunasikia tangu utotoni eti binti mweupe huleta ng'ombe wengi. Binti aimbiwe wimbo huo miaka kumi na mitano, halafu akienda dukani kununua weupe tumlaumu peke yake? Na weupe wenyewe una bei. Mwaka 1999 watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Masazumi Harada, daktari aliyejulikana kwa kuchunguza ugonjwa wa Minamata, walichapisha vipimo vya nywele za watu wa kandokando ya Ziwa Victoria. Walikuwa wakifuatilia zebaki ya machimbo ya dhahabu. Lakini viwango vya kutisha wakavikuta kwa wavuvi wachache wa Mwanza na jamaa zao, na kilichoshukiwa ni sabuni ya kuogea. Vipodozi vya zebaki vimepigwa marufuku nchini. Anayevitaka bado huvipata.

Lakini ndugu msomaji, neno langu hasa si mkorogo. Ni shavu langu.

Nilipokuwa na miaka minne, uji wa moto ulinimwagikia. Kovu likavuta kidevu mpaka karibu na bega, nikawa siwezi kugeuza shingo. Nikiitwa nageuka mwili mzima. Jumuiya ikachanga, kanisa likachanga, nikapasuliwa. Hakuna aliyeuliza kama tunamsahihisha Muumba. Mchungaji alitangaza mimbarini kuwa ni muujiza, nami hadi leo nasema amina.

Sasa nina miaka 23. Shingo inageuka vizuri, ila shavu limebaki limekunjamana kama nailoni iliyopitiwa na moto. Daktari anasema linaweza kulainishwa, ingawa alama haitafutika yote. Nikaenda kwa mzee wa kanisa kumwomba maombi.

"Binti yangu," akaniambia, "shingo ilikuwa ugonjwa. Hii ni tamaa ya macho."

"Lakini baba, kisu ni kilekile, na ngozi ni ileile."

"Hata Bwana Yesu alifufuka na makovu yake."

Hapo nilinyamaza. Nilinyamaza wiki nzima, maana neno lenyewe ni zito. Kisha nikaisoma tena Yohana 20. Yesu aliwaonyesha marafiki zake, tena kwa hiari yake, ili Tomaso apate kuamini. Mimi la kwangu silionyeshi, nadaiwa maelezo. Konda wa daladala atauliza, "Sista, mumeo alikumwagia tindikali?" na abiria wote watatega masikio. Nimeomba kazi ya mapokezi mara tatu, na mara tatu nimeambiwa tutakupigia. Mzee akanikumbusha kwamba Mungu huangalia moyo. Ni kweli, 1 Samweli 16. Ila hapohapo imeandikwa kuwa wanadamu huangalia nje, na mimi naishi na wanadamu!

Halafu jamani, mbona mizani ni ya upande mmoja? Kina dada tunasomewa barua ya Petro kuhusu kusuka nywele na dhahabu. Ndevu za mzee wetu ni nyeusi tii kwa kanta, wala hakuna anayemsomea Petro. Mwaka 2018 Spika Job Ndugai alipowazuia wabunge wenye kope na kucha bandia kuingia bungeni, nchi nzima ilikesha ikijadili kope za wanawake. Na upasuaji wa kurekebisha maumbile siyo hadithi ya Marekani tena. Mloganzila, Dar es Salaam, wanaufanya. Kanisa litaulizwa tu, litake lisitake.

Sitasingizia ugonjwa. Nataka kupendeza. Nilimwambia hivyo rafiki yangu anayejichubua, tena nikajigamba kwamba yeye ananunua uso wa mtu mwingine, wakati mimi nautafuta wangu ulioibwa na uji. Akaniangalia, akasema, "Wewe uliharibiwa na uji. Mimi niliharibiwa na shangazi, aliyeniita mkaa toka nikiwa mdogo. Tofauti yetu ni nini?"

Jibu kamili sina. Najua dawa yake inamla, na kisu changu kinashikwa na mtu aliyesomea. Najua pia kwamba wote wawili tulifundishwa kujichukia na watu walewale wanaotukataza kujibadilisha. Kanisa likitaka kutuzuia, lianze na shangazi. Lianze na konda. Lianze na wale wanaopanga ng'ombe kwa rangi ya binti.

Mimi nimeandikisha jina. Safari hii mchango haupitishwi. Nalipa kwa hela ya vitumbua ninavyouza Kirumba. Mzee ameahidi kuniombea, ila wodini hatakuja. Mama yeye hajasema neno. Jana nimemkuta anafua kanga mbili, akasema ni za hospitali.