Nusu Saa ya Angani

Baina ya uwanja wa ndege wa Unguja na ule wa Pemba, kwa mstari ulionyooka, pana takriban kilomita 125. Ndege ndogo huzikata kwa nusu saa. Hesabu hiyo ndiyo tuliyoitegemea siku tulipopigiwa simu, mara baada ya Alfajiri, kwamba bibi yetu amefariki kwao Wete na atazikwa baada ya Adhuhuri.

Ndege za asubuhi zilikuwa zimejaa. Tukapata ya saa sita, nayo haikuchelewa; lakini uwanja wa Pemba uko Chake Chake, na kutoka hapo hadi Wete ni barabara, tena ndefu kwa mwenye maiti. Tulipofika, wanaume walikuwa wakisawazisha udongo. Hatukumlaumu mtu, maiti hacheleweshwi. Tukamswalia pale pale kaburini, kama inavyojuzu kwa aliyekosa jeneza.

Msikitini tukaikusanya Adhuhuri na Alasiri, rakaa mbili mbili. Kijana wetu akanong'ona:

"Nusu saa nayo ni safari?"

Tukamwambia kuwa wanazuoni wengi wametazama masafa, kilomita 80 na ushei, si muda. Akanyamaza, akatazama viatu vyake vilivyojaa udongo.