Mlio wa Kusaga Nyuma ya Pikapu: Sikiliza Kwanza, Spea Baadaye



Najua waliozoea kusoma hapa habari za mbegu na ukungu wa viazi watauliza: bibi shamba na difu ya gari, wapi na wapi? Jibu ni fupi. Viazi vikishavunwa vikabaki juani siku tatu vikisubiri usafiri, vinageuka rangi ya kijani na mnunuzi havigusi. Kwa hiyo gari la kikundi likifa wakati wa mavuno, hasara yake ni ya shambani kama ilivyo hasara ya ukungu.

Tena namna ya kutafuta ugonjwa ni ileile. Ukiniletea jani la mhindi lililo njano, sikuambii papo hapo ukanunue Urea. Nakuuliza kwanza: njano imeanzia majani gani? Kama ni ya chini, yaliyokomaa, na njano inatoka nchani ikishuka katikati ya jani kwa umbo la V, nafikiria upungufu wa naitrojeni. Kama ni majani machanga ya juu, nafikiria salfa. Rangi ni moja, dawa ni mbili. Asiyeuliza maswali hununua mbolea ambayo mmea haukuiomba.

Gari nalo liko hivyohivyo.

Kilichotukuta msimu uliopita

Katika kata yetu, huku milimani mkoani Njombe, kuna kikundi cha wakulima wa viazi chenye pikapu moja kuukuu. Wiki mbili kabla ya mavuno ikaanza kutoa mlio wa kusaga upande wa nyuma, kama mashine ya unga iliyoachwa inazunguka bila mahindi. Ilipelekwa kwa fundi mjini. Akaiendesha kidogo, ikiwa tupu, akasema difu imekufa, ibadilishwe nzima. Difu ya mtumba na kazi yake: shilingi 1,600,000. Kwenye akaunti ya kikundi fedha iliyokuwepo ilikuwa ya mbolea ya kupandia msimu unaofuata.

Mwenyekiti akaja ofisini kwangu na daftari la mihtasari. "Bibi shamba, tunaomba utusaidie kuandika muhtasari wa kutoa hela benki."

"Mzee wangu, gari mmelisikiliza?"

"Fundi kalisikiliza."

"Nyie wenyewe?"

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Sisi tunajua kulipakia tu, mama."

Sikuwa na nia ya kumpinga fundi. Lakini kama ilivyo kwa jani la njano, nilitaka tujue mlio unabadilika wakati gani kabla hela haijatoka. Tukamwita dereva wa kikundi, kijana makini, tukaingia barabarani.

Difu ni nini, na majirani zake ni akina nani

Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Propela shafti inaleta nguvu kutoka kwenye giaboksi na kuzungusha gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni inazungusha gia kubwa ya duara, yaani kraunwili. Humo ndani kuna gia nyingine ndogo zinazoruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Zote zinaogelea kwenye mafuta.

Shida ni kwamba difu haikai peke yake. Karibu yake kuna beringi za magurudumu, krosi za propela shafti, breki na matairi. Chuma husafirisha sauti, kwa hiyo mlio wa gurudumu la kushoto unaweza kufika masikioni kama umetoka katikati. Ndiyo maana swali la "mlio unatoka wapi" huwadanganya wengi. Swali lenye faida ni "mlio unabadilika lini".

Maswali manne ya kuliuliza gari

Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na watu. Funga vioo, zima redio. Mwendo wa kilomita 40 hadi 60 kwa saa unatosha. Usifanye majaribio haya kwenye mteremko, na usizime injini gari likitembea, kwa sababu breki zitakuwa nzito na usukani unaweza kujifunga.

1. Unabadilika ukikanyaga na kuachia mafuta? Mlio mwembamba wa kuvuma, unaokuja ukikanyaga na kupotea ukiachia, au kinyume chake, unaelekeza kwenye meno ya pinioni na kraunwili, au beringi za pinioni zilizolegea. Mlio mzito usiojali kama umekanyaga au umeachia ni tabia ya beringi, hasa za magurudumu.

2. Unabadilika ukipinda? Yumbisha gari taratibu kulia, kisha kushoto. Ukipinda kulia uzito unaegemea kushoto. Mlio ukiongezeka hapo, shuku beringi ya gurudumu la kushoto. Ukiongezeka unapopinda kushoto, shuku ya kulia. Mlio unaosikika kwenye kona tu na kupotea barabara ikinyooka, shuku zile gia ndogo za ndani ya difu.

3. Unafuata injini au unafuata mwendo wa gari? Tembea mwendo uleule kwa gia mbili tofauti. Mlio ukibadilika pamoja na injini, tafuta mbele: injini, klachi au giaboksi. Ukibaki vilevile, tafuta nyuma.

4. Unabadilika barabara ikibadilika, au ukikanyaga breki? Matairi yenye meno makubwa huvuma kwenye lami na kutulia kwenye vumbi. Mlio wa kukwaruza unaokuja au kubadilika ukigusa breki ni wa breki: breki shuu zimekwisha, au kijiwe kimeingia ndani ya drumu.

Uko na mlio mwingine wa kuangalia: "ko!" moja unapoondoka, au unapotoka gia ya mbele kwenda rivasi. Huo mara nyingi ni krosi iliyolika, na krosi ni spea ndogo. Anza na hiyo kabla hujalaumu difu.

Majibu tuliyoyapata

Kukanyaga na kuachia mafuta: hakuna mabadiliko. Kubadili gia: hakuna mabadiliko. Kupinda kushoto: mlio ukapungua. Kupinda kulia: ukapanda mpaka dereva akanitazama. "Mama, umesikia?" Nimesikia.

Tuliposimama, tulisogeza kiganja karibu na drumu za nyuma bila kuzigusa. Ya kulia ilikuwa na joto la kawaida. Ya kushoto ilikuwa inachoma.

Tukarudi kwa fundi yuleyule, tukamweleza tulichosikia. Nampa heshima yake: hakununa. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki, akaweka stendi chini ya ekseli, ndipo akashika gurudumu la kushoto juu na chini na kulitikisa. Lilicheza. Akalizungusha kwa mkono, na ule mlio wa kusaga tukausikia bila hata injini kuwashwa. Kisha akashika propela shafti pale inapoingia kwenye difu, akaitikisa juu na chini. Haikucheza hata kidogo. Kuzunguka kidogo kabla meno hayajakamatana ni kawaida, lakini kucheza juu na chini kungemaanisha beringi za pinioni zimekwisha.

Alipofungua drumu tukaona kilichokuwa kimejificha. Sili ya ekseli ilikuwa imepasuka. Mafuta ya difu yalikuwa yakitoka kupitia hapo, yakaosha grisi ya beringi na kulowesha breki shuu zote za upande huo. Hapo ndipo nilipoogopa. Barabara yetu ya kwenda kwa wanunuzi inashuka mlima, na gari lile lingeshuka likiwa na mzigo huku breki ya upande mmoja imelowa mafuta.

Ndani ya difu yenyewe kiwango kilikuwa chini, lakini mafuta hayakuwa na vipande vya chuma. Tukabadilisha beringi, sili, breki shuu za pande zote mbili, na mafuta mapya. Beringi ile imekazwa kwenye ekseli na inahitaji presi, si nyundo, kwa hiyo usikubali ipigwepigwe. Gharama yote haikufika robo ya ile ya kwanza. Lakini uzito wa jambo hili ni kwamba tungeweka difu nyingine na kuacha sili ile, hiyo nayo ingekauka mafuta, na breki zingebaki vilevile.

Mafuta husema ukweli

Kabla ya kukubali kubadilisha difu, omba mafuta yake yaangaliwe mbele yako. Nati ya kujazia ifunguliwe kwanza, ndipo ya kumwagia. Nati ya juu ikigoma baada ya mafuta kumwagika, gari halitaondoka hapo.

- Mafuta yafike usawa wa mdomo wa chini wa tundu la kujazia. Ingiza kidole ujionee.
- Tope laini jeusi kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida.
- Chembe zinazokwaruza vidoleni, au vipande vya meno: difu ni mgonjwa kweli.
- Rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Difu yenye moto ikizama mtoni hupoa ghafla na kuvuta maji, hasa kama tundu lake la kupumulia limeziba kwa tope.

Ukiwa unanunua gari, kuwa macho zaidi. Kuna ujanja wa zamani wa wauzaji, wa kutia vumbi la mbao au maganda ya ndizi ndani ya difu ili inyamaze siku ya majaribio. Mafuta mazito yasiyo ya kawaida yanakuonya.

Ikiwa ni difu kweli

Hutokea. Nimewahi kuona mafuta ya difu yamekuwa kama uji, yamejaa vipande vya chuma, na hapo hakuna cha kubembeleza. Jua mambo mawili. Kwanza, pinioni na kraunwili huuzwa na kufungwa pamoja kama pea. Ukibadilisha moja, mlio utarudi. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa kifaa, si kwa kukadiria, kwa hiyo tafuta fundi mwenye kipimo.

Pili, ukinunua difu ya mtumba, hesabu meno. Meno 41 ya kraunwili ukigawa kwa 10 ya pinioni unapata 4.1. Meno 43 kwa 11 ni karibu 3.9. Kwa macho zinafanana, lakini si moja. Kwenye gari linalovuta magurudumu manne, difu ya mbele na ya nyuma zikitofautiana hesabu, zitapigana na kuvunjana.

Kinga

Tumia mafuta ya gia ya daraja la GL-5, ya unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Kagua kiwango kila unapofanya sevisi, na mara moja ukishavuka maji marefu. Matairi ya nyuma yawe ya saizi moja na upepo sawa, la sivyo gia za ndani ya difu hazipumziki hata barabara ikinyooka.

Na mzigo. Pikapu ya tani moja ni ya tani moja. Gunia la rumbesa linaweza kupita kilo 120. Kumi ni kilo 1,200 kabla hujampandisha mtu. Rumbesa inamwibia mkulima kwenye mizani, na inamwibia tena kwenye beringi za gari lake.

Kwa kikundi chenye gari: teueni mtu mmoja wa kulisikiliza kila Jumamosi kwa yale maswali manne, na majibu yaandikwe kwenye daftari lilelile la mihtasari. Dakika 20 zinatosha.