Kiwiko cha Koufax

Ukiniona jioni nimeketi karibu na gati la Port Bell, simu mkononi, usidhani nangoja meli ya kwenda Mwanza. Nasoma matokeo ya besiboli. Utauliza: mwalimu wa Kiswahili, mkaazi wa Luzira, ana nini na mchezo wa Wamarekani? Ugonjwa huu ulinipata mwaka 2012, vijana wa Lugazi walipofika Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto ya Little League. Tangu hapo sijapona.

Mrushaji nimpendaye kuliko wote sikuwahi kumwona akicheza, kwani aliacha kabla sijazaliwa. Ni Sandy Koufax wa Los Angeles Dodgers, aliyerusha kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1966 alishinda michezo 27 na kushindwa 9, akawaondoa wapigaji 317 kwa straiki tatu tatu. Mwezi Novemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 30, akatangaza kwamba anaacha. Kiwiko chake kilikuwa kimeshikwa na yabisi. Kabla ya mchezo alipakwa dawa ya kuchoma ngozi, baada ya mchezo aliutumbukiza mkono katika maji ya barafu, na katikati zilikuwapo sindano. Alieleza kuwa ana miaka mingi ya kuishi baada ya besiboli, naye angependa kuiishi akiwa na mwili mzima.

Nakiri kwamba kwa muda mrefu nilimwona kama mtu aliyetudhulumu sisi mashabiki. Nilihesabu misimu ambayo angeweza kucheza bado. Shabiki ni mchoyo wa ajabu: hutaka kutazama, na maumivu si yake.

Aliyenigeuza ni mwanafunzi wangu wa miaka 14, mrushaji wa timu moja ya mtaani. Jumatatu moja nilimkuta akiandika insha kwa mkono wa kushoto, na hati yake ilikuwa kama nyayo za kuku. Nikamwuliza kulikoni.

“Mkono umechoka tu, mwalimu.”

Alikuwa amerusha Jumamosi na Jumapili, mpaka hesabu ikampotea. Kanuni za Little League ziko wazi: kijana wa umri wake asirushe zaidi ya mipira 95 kwa siku, na akizidisha 65 apumzike siku nne. Lakini kanuni bila mtu wa kuhesabu ni maandishi tu. Ibara ya 34 ya Katiba yetu ya 1995 inamkinga mtoto na kazi inayodhuru afya yake au kuvuruga masomo yake. Utasema mchezo si kazi. Haya, lakini tangu mwaka 2022, Dodgers, klabu ileile ya Koufax, ilipowasajili warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, mkono wa mtoto umekuwa tumaini la nyumba nzima. Simlaumu mzazi anayeota. Mimi mwenyewe naota.

Vijana hujibu kwamba kiwiko hutengenezwa. Wamesikia habari za Tommy John, naye wa Dodgers, ambaye mwaka 1974 Dakta Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wake wa kulia na kuipandikiza katika kiwiko cha kushoto. Alikosa msimu mzima wa 1975, kisha akarudi na kushinda michezo 164 zaidi. Ni kweli. Lakini wanakizungumzia kiwiko kama kipuri cha bodaboda, wakisahau kwamba Jobe alikuwa daktari wa klabu. Timu yetu ya mtaani haina hata sanduku la huduma ya kwanza.

Nilimfuata baba yake gatini, ambako hubeba magunia. Nilikuwa nimejiandaa kubishana.

“Mzee, samahani kwa kukukatiza kazi. Nimekuja kwa ajili ya mkono wa kijana.”

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kola ya shati na kunionyesha bega. Lilikuwa limeinama kuliko la pili.

“Mwalimu, hili lilianza kuuma nikiwa na miaka ishirini. Nikanyamaza.”

Tulikwenda wote wawili kwa kocha. Hakufurahi, mashindano yalikuwa yamekaribia, naye hana mrushaji mwingine wa maana. Mwishowe alikubali kijana apumzike mpaka daktari amwone, ila akataka asikae bure. Basi nikampa daftari.

Sasa hukaa pembeni ya uwanja na kuweka alama kwa kila mpira unaorushwa. Jumamosi iliyopita alama zilipofika 95 alisimama, akaliinua daftari juu ya kichwa. Kocha alimtazama, akamwacha mrushaji arushe miwili zaidi, kisha akamtoa.