Suruali ya Pikipiki na Mshono Nilioukosea

Katika droo ya cherehani yangu kuna kipande cha kitambaa cheusi, kizito, chenye urefu wa shibiri moja. Wageni wakikiona huniuliza kwa nini sikitupi. Nimekiweka makusudi, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha kwamba ushonaji si kupendezesha mwili tu, bali mara nyingine ni kuulinda.

Mdogo wangu huendesha pikipiki ya boda boda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa mpakani Busia, walikokuwa waendesha baiskeli wakivusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Siku hizi yeye hupeleka mizigo midogo kati ya Kampala na Jinja, safari ya kilomita zipatazo 80, na sehemu ya njia hiyo hupita katika msitu wa Mabira, ambako mvua humkuta mtu bila kubisha hodi. Siku moja alirudi kutoka soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, akiwa na furaha kama mtoto wa sikukuu. Katika mitumba alikuwa amepata suruali ya pikipiki iliyotoka Ulaya, yenye kinga ngumu magotini na nyonganini.

"Dada," akaniambia, "nipunguzie. Imenizidi kama gunia."

Kwa kweli ilimzidi. Aliyeivaa kwanza alikuwa mtu wa miraba minne, naye ndugu yangu ni mwembamba na mfupi. Nilimsimamisha wima mbele ya kioo, nikampima kama ninavyowapima makarani wanaotaka suruali za ofisini. Nikaikata miguu sentimita 8, nikaingiza mshono wa nje kuanzia kiunoni hadi kifundoni, nikashona kwa uzi wa pamba uliokuwa tayari katika cherehani. Jioni ile aliivaa, akageuka huku na huku, sote tukaisifu. Ilimkaa vizuri mno.

Majuma machache baadaye aliteleza kwenye tope, mahali pa mwendo wa pole, akaangukia ubavu wa kushoto. Mshono wangu ulipasuka kutoka pajani hadi chini ya goti. Kinga nayo haikuwa gotini hata kidogo. Ilikuwa imeteremka hadi kwenye muundi, na goti likabaki wazi juu ya changarawe. Alishonwa nyuzi kadhaa, akakaa nyumbani mwezi mzima bila kipato. Hakunilaumu. Laiti angalinilaumu! Kila nilipoiona bendeji ile, niliona kazi ya mikono yangu.

Ndipo nilipoketi na suruali ile iliyochanika, nikaifumua yote, nikaisoma kama kitabu. Niliona makosa yangu manne.

Kosa la kwanza lilikuwa kumpima akiwa amesimama. Mwendesha pikipiki huketi, na goti likikunjwa suruali hupanda juu. Sentimita zile 8 nilizozikata ndizo zilizokuwa zifunike buti.

Kosa la pili, niligusa mshono wa nje. Mtu aangukapo ubavu, kinachosagwa na barabara kwanza ni nyonga, upande wa nje wa paja, goti na makalio. Mahali hapo kiwanda kilikuwa kimepitisha mishono mitatu sambamba. Mimi niliifumua nikaweka mmoja.

Kosa la tatu ni uzi. Uzi wa pamba hulika upesi ukisuguliwa, tena jasho na mvua huuozesha. Nguo hizi zinataka uzi imara wa nailoni au polista.

Kosa la nne ndilo lililoniuma zaidi: nilipunguza ganda la nje, nikasahau mfuko wa kinga ulio ndani. Kinga ilikaa pale ilipofaa goti la yule bwana mrefu.

Alipopona, nilivunja kibubu changu nikamnunulia nyingine. Safari hii sikuwa na haraka. Kwanza nilitazama kinga zenyewe. Zilizo za kweli huwa na picha ndogo ya mwendesha pikipiki na alama ya kanuni ya Ulaya, EN 1621-1, pamoja na herufi inayoonyesha kiungo, kama K kwa goti, na namba 1 au 2. Namba 2 hupunguza kishindo zaidi. Kipande laini cha sponji kisicho na alama hiyo usikitegemee.

Kisha nilimwambia avae buti zake, apande pikipiki uani, ashike usukani kama aendaye Jinja. Akiwa ameketi hivyo, nikatia alama ya chaki katikati ya goti. Mfuko wa kinga ulikuwa sentimita 6 chini ya alama. Kwa bahati ulikuwa umeshonwa kwenye bitana, kwa hiyo niliufumua na kuupandisha bila kutoboa kitambaa cha nje.

Kitambaa cha kuzuia maji kilifungwa kwa zipu, nikakitoa kabla ya kushona, kwani kila tundu la sindano ni mlango wa mvua. Sikutumia pini, nilibana kwa vibanio vya nguo. Nikapiga bandi, nikamrudisha pikipikini ajaribu, ndipo nikashona.

Upana niliupunguza kwenye mshono wa ndani wa mguu, sentimita 2 tu, kutoka juu hadi karibu na goti. Nilitumia sindano namba 16 na uzi wa polista, hatua ndefu kidogo, kwa maana matundu yakisongamana kitambaa huchanika kama karatasi ya stempu. Nikarudia mshono mara tatu. Kitambaa kilichozidi sikukikata, nilikilaza ndani nikakishonea. Upindo nao niliukunja ndani bila kutia mkasi. Kiunoni nilitia vikanda viwili vya kukazia. Pasi ya moto sikuigusa, kwani nailoni huyeyuka.

Ndugu msomaji, suruali ya namna hii isipwaye, maana ikipwaya huzunguka mguuni na kinga huhama. Lakini pia isibane, maana goti likikunjwa mshono hukaza, nao uliokaza tayari hupasuka upesi. Ujue vilevile kwamba kiwanda kilipima vazi kama lilivyotoka mikononi mwao. Ukishafumua mshono mmoja, dhamana ni yako wewe uliyeshika sindano. Ikiwa ni ya ngozi, au ikiwa mshono wa kupunguzwa uko nyongani au gotini, mpelekee fundi mwenye cherehani nzito. Na kinga iliyokwisha pata kishindo kikubwa, ibadilishe hata kama yaonekana nzima.

Ndugu yangu sasa huivaa hata siku za jua kali, ingawa hulalamika joto. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha pikipiki, huketi juu yake, hukunja magoti, kisha hunitazama mimi niliye mlangoni. Nami hushuka ngazi, nikamgusa magotini, kulia na kushoto, kuona kama kinga ziko mahali pake. Majirani hucheka. Sisi wawili hatucheki. Nikimaliza humwambia, "Haya, nenda salama," naye huenda.